Soli Nzima

Kwenye basi, mjane alipakata mfuko wake huku akiwasikiliza wawili wa kiti cha mbele: mwalimu wa michezo wa shule ya msingi na baba wa mwanafunzi wake. "Mwanangu nimemkataza kukimbia, mwalimu. Viatu nimemnunulia juzi tu." Mwalimu akamjibu, "Basi avivue, baba. Nyasi haziumi." "Shuleni nimempeleka akasome. Mbio haziliwi!" "Zinazoliwa ni biskuti! Mapumziko yote amekaa na pakiti yake, akipanda ngazi anahema kama babu. Kesho nampeleka uwanjani, upende usipende, na wewe umfungashie ndizi." "Na soli zikilika, utanunua wewe?"

Abiria wakaangua kicheko. Mjane hakucheka. Mfukoni mwake mlikuwa na viatu vya marehemu mumewe, alivyokuwa akimpelekea shemeji yake. Marehemu alivinunua muda mfupi kabla kisukari hakijamlaza kitandani, na soli zake bado zilikuwa nzima kama za dukani.

Basi liliposimama, mjane aliinuka, akamgusa baba yule begani. "Mwache avichakaze, mwanangu," akasema, kisha akashuka na mfuko wake.