Inchi Ishirini au Ishirini na Sita

Nje ya karakana ya Spoku, fundi baiskeli, pana benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi, na anayekaa upande ule hana budi kubishana huku anayumba. Asubuhi hiyo upande ule alikaa Kipimo, seremala anayepima kila kitu kwa jicho na kukosea bila wasiwasi. Pembeni yake alikuwa Redio, mlinzi mstaafu ambaye ukimwasha hazimiki mpaka betri iishe. Birika la kahawa lilikuwa katikati yao. Mbele yao, ukutani, ziliegemea baiskeli mbili za kurukia vikwazo: moja ya magurudumu ya inchi ishirini, nyingine ishirini na sita. Na mbele ya baiskeli alisimama Sindano, fundi cherehani, mrefu, mwembamba, ameshika kalamu na fomu ya mashindano ya Jumamosi. Fomu iliuliza jambo moja tu la maana: magurudumu madogo au makubwa? Saa sita mchana dirisha la kupokea fomu kule uwanjani lingefungwa, na aliyekwisha kuweka alama hana ruhusa ya kubadili.

Mwaka jana Sindano aliangukia kikwazo cha nne, safu ya mabomba ya zege, mbele ya umati mzima, akavunjika mkono. Miezi miwili hakugusa cherehani. Mwaka huu ameapa kumaliza vikwazo vyote, hata akiwa wa mwisho. Ile ndogo ndiyo iliyomwangusha. Ile kubwa Spoku aliiunganisha mwezi uliopita, akamwazima kwa sharti moja tu, nalo ni kusifiwa.

— Chukua kubwa, dada, Spoku alisema. Gurudumu kubwa linapita pale dogo linapogonga. Halafu na miguu yako hiyo, kwenye ndogo unaonekana umepanda kigoda.

Hadi hapo ilikuwa akili. Lakini Spoku aliitwa ndani na mteja, na kijiwe kikabaki mikononi mwa wenyewe.

— Kubwa nzito, Kipimo alisema. Kuruka ni kunyanyua. Kwa jicho tu, naona zimepishana kilo sita.

— Moja na nusu! Spoku alipaza sauti kutoka ndani.

— Nimesema kwa jicho.

Redio akaweka kikombe chini, na hiyo kwake ni dalili mbaya. Alieleza kwa kirefu kwamba suala si uzito, suala ni upepo. Gurudumu kubwa lina upepo mwingi, upepo hupenda kwenda juu, kwa hiyo baiskeli yenyewe inataka kuruka. Kazi ya mpandaji ni kuizuia isipitilize. Kipimo akamwambia kwa hesabu hiyo matrekta yote yangekuwa mawinguni. Redio akajibu kwamba trekta linazuiwa na jembe. Basi Kipimo naye akapandisha dau. Alidai gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi, hivyo huizoea njia mapema, na kikwazo hakilioni linavyokuja. Redio akauliza kama mabomba ya zege yana macho. Kipimo akasema yeye hajasema yana macho, amesema hayaoni.

Sindano alijua ule ni upuuzi mtupu, na bado alisikiliza. Alikuwa anaogopa. Alitaka mtu mwingine amchagulie, ili akianguka tena awe na wa kumlaumu. Alipojigundua hivyo alikasirika, ila kalamu ilibaki palepale hewani.

— Cha muhimu ni starehe, Redio aliendelea. Kubwa unakaa ukajinafasi, mgongo hauumi.

— Ndogo unakaa karibu na ardhi. Ukianguka, unaanguka kidogo.

Walikuwa bado kwenye kukaa, nani anakaa vizuri na kwa nini, alipofika mama mmoja mtu mzima amekumbatia gurudumu la toroli lenye pancha. Wakamwamkia, akaitikia. Akazitazama zile baiskeli kwa makini, moja baada ya nyingine.

— Samahani wanangu, alisema. Kiti kiko wapi?

Redio alinyoosha shingo kutazama. Kipimo aliinama akachungulia chini ya ile kubwa, labda kimedondoka. Akachungulia na ndogo. Saa nzima walikuwa wanazitazama.

Sindano alicheka, na woga ukampungua.

— Hazina kiti, mama. Hizi hazikaliwi. Ukikaa, umeshaanguka.

— Kwa hiyo unasimama mwanzo hadi mwisho?

— Mwanzo hadi mwisho.

Mama akaligeukia benchi, akawatazama wale wawili walivyokaa.

— Na hawa ndio unaowauliza?

Sindano aliigeukia fomu. Aliiegemeza ukutani, akaweka alama kwenye ishirini, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Spoku alitoka ndani mikono imejaa grisi, akaiona alama, uso ukamshuka.

— Na ile kubwa, dada?

— Nzuri mno, kaka Spoku. Mwakani nitaipanda. Hii ndogo imeniangusha mara mia, najua kila mahali inaponiangushia. Ile kubwa bado hatujajuana, na Jumamosi si siku ya kujuana.

— Na mabomba je?

— Nitayapita.

Aliikunja fomu akaitia mfukoni. Akaipanda ile ndogo, akairusha juu ya ukingo wa mtaro, akatulia pale juu ya magurudumu mawili bila kuyumba, kisha akashuka upande wa pili na kushika njia ya uwanjani.

Mama akamkabidhi Spoku gurudumu lake la toroli, akalisogelea benchi.

— Haya, nipisheni nikae. Nyie simameni kidogo, mwone ilivyo.

Walisimama. Birika lilikuwa tupu, na Sindano alikuwa ameshafika kona, bado wima.