Laurensia Castory na Tuzo Aliyoirudisha

Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa, ndugu, majirani wa Mbwawa na wageni mliotoka Kisarawe tangu alfajiri, mimi ninayesimama mbele yenu ni Ponsiano Castory, kitinda mimba katika familia ambayo marehemu alikuwa mtoto wa kwanza, na nimepewa jukumu la kuwasomea habari za maisha yake kabla hatujampeleka kaburini.

Dada yetu Laurensia Castory Bashaija alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa mzee Castory Bashaija na mama Efrazia, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akachaguliwa kuendelea na sekondari Bukoba, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984, kisha akasomea ualimu Morogoro, na mama alipenda kusimulia kwamba akiwa huko chuoni alizirudisha barua za baba zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu, na baba akazitunza zote.

Tarehe 11 Januari 1988 aliripoti kazini kwenye shule ya msingi katika kata ya Vihingo, wilayani Kisarawe, akafundisha Kiswahili wilayani humo kwa miaka kumi na sita. Baba yetu alifariki tarehe 2 Mei 1990, na mwaka uliofuata dada alikuja Kamachumu kunichukua, nikiwa na miaka kumi, akanilea, akanisomesha hadi chuo kikuu, na watu wengi wa Kisarawe mpaka leo wanadhani mimi ni mwanawe wa kumzaa.

Tarehe 25 Julai 1992 alifunga ndoa Kisarawe na bwana Lusajo Mwaisaka, bwana misitu wa wilaya, wakajaliwa watoto wawili, Atupele mwaka 1993 na Wilfred mwaka 1996. Mwaka 2004 familia ilihamia hapa Mbwawa. Shemeji Lusajo alifariki tarehe 19 Oktoba 2013, na leo tunamlaza dada pembeni yake.

Tarehe 3 Aprili 2006, akiwa ameshaacha kazi ya serikali, alianzisha kampuni ya Mkuruti Vitabu katika chumba cha nyumba hii kinachotazama barabara, akiwa na kompyuta moja na meza iliyokuwa ya chakula. Hakuwa na mtambo wa kuchapa, vitabu vilichapwa Dar es Salaam na kuletwa hapa vikiwa vimefungwa kwa kamba, na mimi niliungana naye mwaka 2008 nikiwa mhariri msaidizi. Kwa miaka yote hiyo Mkuruti ilitoa vitabu thelathini na kimoja. Mwaka 2011 hadithi za watoto ziitwazo Chura Hakulipa Nauli zilipata tuzo ya kitabu bora cha watoto, mwaka 2014 diwani ya Majivu ya Mvule ikapata tuzo ya ushairi, ngao zote mbili akaziweka juu ya friji, na watu walipompongeza aliwajibu kwamba kazi ya mhariri ni kufuta, waliobaki kwenye ukurasa ndio wenye sifa.

Tarehe 25 Novemba 2017, katika ukumbi uliojaa watu jijini Dar es Salaam, kitabu cha tatu cha Mkuruti kupata tuzo kilitangazwa kuwa riwaya bora ya mwaka. Kinaitwa Tanuri la Mwisho, kinahusu wachoma mkaa wa misitu ya Kisarawe, na jina lililokuwa kwenye jalada lilikuwa langu.

Hapa karatasi ya familia ilikuwa na sentensi moja, kwamba mwaka 2018 tuzo hiyo ilirejeshwa kutokana na kasoro za kiuchapishaji. Sentensi hiyo niliiandika mimi siku ya Jumatano. Jana mchana niliikata, nikawaita Atupele na Wilfred, nikawaeleza haya nitakayowaeleza ninyi. Wilfred aliinuka akatoka nje. Atupele alibaki, akasema, "Mjomba, soma hivyo hivyo."

Mwezi Agosti 2009 mwalimu mstaafu wa Vihingo, mzee Yahya Mwinyimadi, aliyewahi kufundisha pamoja na dada, alileta ofisini kaunta buku tano, madaftari manene aliyoandikia riwaya yake kwa mkono. Dada alisoma ya kwanza, akabandika karatasi yenye neno "Nirudie", akaziweka kabatini, shughuli zikamzidi, na mzee Yahya akafariki Februari 2010 bila kupata jibu. Mwaka 2015 mimi nilizitoa kabatini. Nikaiacha ile ya kwanza ambayo dada alikuwa ameisoma, nikaanzia ya pili, nikazichapa zote nne kwenye kompyuta, nikabadili majina ya watu na jina la mto, nikaongeza sura mbili mwishoni, nikampelekea dada nikamwambia nimeandika riwaya. Aliisoma kwa siku tatu, akaniita, akasema, "Ponsi, baba angekuwepo angekusomea hii kwa sauti." Nikamjibu, "Asante, dada."

Tarehe 12 Februari 2018 alifika ofisini binti wa mzee Yahya, dada Hajira, anayeuza vitenge Kisarawe mjini, baada ya sura moja ya kitabu kusomwa redioni. Mimi sikuwepo, haya dada alinisimulia mwenyewe. Hajira alimwambia, "Shikamoo, mwalimu. Sijaja kwa ugomvi. Mtangazaji alikuwa anasoma, na mimi namalizia sentensi kabla yake, mpaka mwanangu akaniuliza nimejulia wapi. Nimejulia jikoni kwetu, baba alikuwa anatusomea." Dada aliitikia marahaba, akampa kiti, akafungua kabati.

Niliporudi jioni kaunta buku zilikuwa mezani. Dada hakuniuliza kama ni kweli. Aliifungua ya pili, akanipa mkononi, akasema, "Nisomee." Nilisoma ukurasa mmoja na nusu wa mwandiko wa mzee Yahya, akasema, "Inatosha." Nilisubiri anifukuze, au alie, au apige meza. Aliniuliza kama nimekula.

Tarehe 9 Aprili 2018 aliipeleka ngao kwa waandaaji wa tuzo pamoja na barua, na katika barua hiyo alieleza kwamba mswada wa mzee Yahya aliutoa kabatini yeye, akampa mdogo wake kama masimulizi yasiyo na mwenyewe ili ayaandike upya, na kwamba mdogo wake hakujua. Nilisimama nyuma yake alipokuwa akiandika. Nilimwambia, "Dada, hapana." Akasema, "Aliyemweka mwalimu mwenzake kabatini akafia humo ni nani, ni wewe?" Nikamshikia bahasha akaifunga.

Waandaaji waliifungia Mkuruti kushindana kwa miaka mitano, gazeti moja likamwita mwizi wa marehemu, waandishi sita wakaja kuchukua miswada yao, na baadhi yao mpo hapa leo, nami siwalaumu. Siku moja tukiwa sokoni Maili Moja mama mmoja alimwambia mbele za watu, "Mwalimu mzima unaiba kwa maiti!" Dada alichagua nyanya zake, akarudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimebeba kapu.

Tarehe 17 Agosti 2019, shuleni Vihingo, alikizindua tena kitabu hicho kwa jina la Yahya Mwinyimadi, kikiwa na kaunta buku zote tano na bila zile sura zangu mbili, ambazo watu waliosoma matoleo yote wanasema hazikuwa na maana. Kifungo cha Mkuruti kilipokwisha alikiingiza mashindanoni upya, na tarehe 30 Novemba 2024 riwaya hiyo ilipewa tuzo kwa jina la mwenyewe. Hajira alipanda jukwaani kuipokea. Mchapishaji hakutajwa. Dada alikuwa safu ya tano, akapiga makofi akiwa ameketi wakati wengine wamesimama, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba.

Mwezi Januari 2025 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akawa anakwenda na kalamu na karatasi za kuhariri, hadi mwezi Agosti mkono ulipokataa kushika kalamu. Mwezi Julai nilimwomba ruhusa niseme ukweli. Alifumba macho nikadhani amelala, kisha akasema, "Ukisema nikiwa hai itabidi nikutetee, na nguvu sina. Nikishaondoka, fanya lililo lako." Alifariki Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, saa nne asubuhi, hospitalini hapa Kibaha, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Tangu Jumanne watu wengi wamenishika bega wakiniambia nilie. Machozi hayajaja. Naiona mikono hii imeshika karatasi, naona kama ni ya mtu mwingine. Sisemi haya kwa sababu nimejaa uchungu, sijui nimejaa nini, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na dada yangu hakuiba kitu cha mtu yeyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi minane, inawashukuru majirani wa Mbwawa, hasa mzee Maulidi aliyekuwa akimpeleka hospitali kwa gari lake bila kuchoka, inawashukuru walimu wenzake wa Kisarawe, jumuiya yake, na waandishi wa Mkuruti, waliobaki na waliorudi.

Namshukuru pia dada Hajira Yahya, aliyefika Jumatano na akina mama wanne wa Vihingo, na asubuhi hii nilimkuta uani anamenya ndizi, akaacha kisu, akanipa pole, akaniambia, "Mdogo wangu, dada yako alikosea, lakini mimi nilishamsamehe siku nyingi." Dada Hajira, naona umesimama pale karibu na mlango. Kwa miaka saba umemsamehe mtu ambaye hakukukosea. Aliyechukua maandishi ya baba yako ni mimi, na nitakaa hapa mpaka mazishi yaishe, uje uniambie unalotaka kuniambia.

Dada Laurensia, sina cha kukutuma wala cha kukuomba, sasa pumzika, na amani iwe yako.