Mbuzi wa Yohana Hana Mchinjaji

Kijiwe cha kahawa cha Hafsa pale Rahaleo hakina dogo. Alasiri ile, kesho yake ikiwa Krismasi, benchi lilikuwa limegeuka chuo kikuu, na Yohana wa bandarini alilikalia kama mtu aliyekalia siafu. Mbuzi yuko nyumbani, kafungwa. Miaka yote Asadi, jirani yake, ndiye aliyemchinjia, ili mtaa mzima, wa msikitini na wa kanisani, ule sinia moja. Mwaka huu Yohana alikata tawi la mkorosho wa Asadi lililolalia paa lake, bila hodi, likiwa na maua, na alipoulizwa akajibu jeuri. Tangu hapo salamu zilikatika. Kumwita mchinjaji mwingine ni kuutangazia mtaa ugomvi, na Asadi mwenyewe huyo hapo, mwisho wa benchi, anapuliza kahawa.

— Ule mti wa Krismasi ni wa Mjerumani, alifungua Nuhu, ambaye mtaa ulimbatiza Redio. Kwao baridi inamaliza majani yote, unabaki huo mmoja. Wakauonea huruma, wakauingiza ndani.

— Na yule babu wa ndevu? aliuliza Hafsa.

— Mturuki, alidakia Thabiti Meta Mbili, mfupi kuliko wote kijiweni. Askofu kabisa. Yale manyoya alivaa kwa sababu ya mbu.

Redio hakukubali kupitwa. Akasema Wahabeshi wanasherehekea Januari kwa kuwa habari iliwafikia kwa barabara mbovu.

— Na Wajapani wanakula kuku wa kukaanga. Ndiyo maana wahenga wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Methali hiyo haiingii hapo, Redio, alisema Meta Mbili.

— Inaingia. Kuku si yupo?

Walicheka, isipokuwa wawili. Rozalia, mke wa Yohana, alikuwa kamwambia mumewe asirudi bila mchinjaji. Yohana alisogea kidogo kumwelekea Asadi, akarudi alipokuwa.

Alikuwepo pia Innocent, fundi umeme aliyehamia mtaani majuzi. Aliziacha nchi zote zipite, kisha akauliza kwa adabu:

— Wazee wangu, na hii yetu, ya Mkristo kumwita jirani Mwislamu amchinjie mbuzi wa Krismasi, ilianzia nchi gani?

Redio akafungua mdomo, akaufunga. Meta Mbili akachungulia kikombe chake.

— Mimi sijui ilikoanzia, alisema Yohana. Ila kwangu iliishia siku nilipokata tawi la mtu. Asadi, ndugu yangu, nisamehe.

Asadi alimaliza kahawa yake bila haraka.

— Lilikuwa na maua, Yohana.

— Najua.

— Mbuzi umempa maji?

Tangu asubuhi Yohana alikuwa akimwaza mchinjaji tu, mbuzi mwenyewe kamsahau. Asadi akasonya, akainuka, akatangulia kwenda kumnywesha.