Pazi na Koki ya Nane

Kijiwe chetu cha Mji Mpya kipo kwenye baraza ya duka la ushirika, lililofungwa mwaka ule biashara ilipoachiwa huru. Benchi moja, birika la Dadi muuza kahawa, kashata kwenye sinia. Asubuhi hiyo Pazi, fundi wa kiwanda cha mafuta ya alizeti ambacho tajiri mpya alikinunua serikalini, alikuja bila salamu. Alipopewa kahawa, alikiweka kikombe benchini bila kuonja.

— Vipi, wamekupunguza kazini? aliuliza Halidi, dereva mstaafu wa jeshi kule Ngerengere. Sisi humwita Meja.

— Bado. Nimemuunguza mtu.



— Nani?

— Yule Mjapani aliyekuja kufunga mtambo. Jana mvuke ulizidi. Siku zote ananitajia namba kwa Kiingereza, tunaelewana. Jana kachanganyikiwa, kapiga kelele kwa lugha yao: “Nana! Nana!” Mimi nimesikia nane. Nikafungua koki ya nane.

— Sasa kosa lako liko wapi?

— Msimamizi wetu alisoma kozi huko kwao. Anasema nana ni saba.

Dadi aliacha kumimina.

— Nana ni saba? We Pazi!

— Saba. Mvuke ukamvaa mkono mmoja na kifua. Nikamwita mle kwenye moshi, “Uko hai?” Akajibu, “Hai! Hai!” Nikasema alhamdulillahi, kumbe hata Kiswahili anakijua. Msimamizi anasema hapana. Kwao hai ni ndiyo.

— Yaa Rabi! alisema Meja.

Thobias, karani wa zamani wa reli ambaye tunamwita Profesa, alivua miwani.

— Haiwezekani. Saba, Mhindi wa duka la vitambaa anasema saat. Mwingereza, seven. Mwarabu ndiyo kabisa, saba kama sisi. Wote wanaanzia sehemu moja. Huyo nana kaitoa wapi?

— Mwarabu si kama sisi, Profesa, alisema Meja. Sisi ndio tumechukua kwake. Bibi yangu alihesabu mtandatu, mfungate, nane, kenda. Sita, saba na tisa zimekuja na wageni.

— Unataka kuniambia namba zetu si zetu?

— Hizo tatu. Mbili ni yetu. Wale wakimbizi wa Afrika Kusini waliokuwa Mazimbu niliwahi kuwapakia kwenye lori. Mbili wanasema kubili. Tatu, kuthathu.

— Huko kote mbali? Dadi alishika kichwa. Nani aliwapelekea?

— Nimeshaelewa, alisema Profesa, sauti imempanda. Zamani namba zilikuwa mali ya umma, dunia nzima inahesabu kwa namna moja. Halafu zikauzwa kama viwanda! Mwarabu kanunua sita, saba, tisa. Mjapani kafika mnada umekwisha, kachukua nane yetu, kaibandika juu ya saba ili tusimgundue!

— Na mkataba hatujaonyeshwa, aliongeza Meja.

— Profesa, alisema Pazi, mtu ngozi imembanduka.

Akafunika uso kwa viganja, akalia.

Hapo akatokea mama mmoja wa makamo, kajitwisha ndizi. Dadi alimwamkia.

— Marahaba. Mimi Hidaya, wa Matombo. Namuuguza mume wangu hospitalini, kitanda chetu kimepakana na cha yule mgeni aliyeungua. Nimeelekezwa hapa kuna mtu wa kiwanda chake. Tangu jana anaita “mizu, mizu.” Wauguzi hawamwelewi.

— Mizizi! alisema Profesa. Anataka dawa ya miti shamba.

— Au mizigo yake, alisema Meja.

— Mie nilisikia kama mazi, alisema Hidaya. Kwetu Uluguruni maji ni mazi. Nikamshikia kikombe. Kanywa chote, machozi yanamtoka, kanishika mkono hataki kuuachia.

Pazi aliinua uso.

— Kumbe ni maji?

— Mwanangu, yanaitwaje kwao sijui. Nilimwona midomo imekauka.

Alishusha ndizi, akatukagua mmoja mmoja.

— Kila mlango ukifunguka anageuza shingo. Nani kati yenu amekwenda kumwona?

Profesa alivaa miwani, akaivua tena. Dadi aliinamia jiko. Pazi alikuwa ameshashuka barazani, anakimbia kuelekea hospitali, na Meja akajiinua kwenye benchi kumfuata, magoti yake mabovu yakimchelewesha.