Daktari Aliyengoja Mwajiri: Dkt. Lea Simeoni Msengi, 1964–1998

Wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliotoka mbali na karibu mkafika hapa Misigiri, poleni kwa msiba huu ulio wetu sote. Kabla ya kusoma, familia inaomba ieleweke kwamba marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, aliagiza historia yake isipakwe rangi, akasema amekaa kwenye misiba mingi akasikia akisifiwa mtu ambaye hakuwahi kukutana naye, na kwa hiyo yatakayosomwa hapa ni yaliyokuwa, pamoja na yale ambayo kwa kawaida tunayaruka.

Lea alizaliwa tarehe 9 Mei 1964 hapa hapa Misigiri, Wilaya ya Iramba, mtoto wa tatu wa mzee Simeoni Msengi na mama Klara, akasoma shule ya msingi hapa kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, akaendelea na sekondari hadi kidato cha sita mwaka 1985, akapita Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja, akarudi mwembamba na mfupi vilevile alivyokwenda, na mwaka 1986 akaingia Chuo Kikuu kusomea udaktari, Dar es Salaam, Muhimbili. Chuo kilipofungwa mwaka 1990 alirudi nyumbani akalima alizeti na baba yake, kisha akarudi darasani akamaliza mwaka 1992, na mzee Simeoni akachinja ng'ombe. Sherehe haikuwa imekwisha watu wakawa wameshapanga foleni, huyu mgongo, yule macho, mwingine mkwe wake hashiki mimba, na Lea alipowaeleza kwa heshima kwamba bado kuna mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo chini ya madaktari wakubwa ndipo asajiliwe, mzee mmoja alimkatiza, "Mwaka wa nini tena, binti yangu, na ng'ombe tumeshamla?"

Mwaka huo aliumaliza Septemba 1993, akazungushwa wodi ya watoto, ya upasuaji, ya magonjwa ya ndani na ya wazazi, akapata usajili, na alipotoka nao mkononi akakuta serikali imesitisha ajira mpya, yeye na wenzake wakaambiwa wasubiri majumbani. Hapa ndipo historia nyingine ingesomeka "aliajiriwa na kupangiwa Singida", na kwa miaka miwili hivyo ndivyo mzee Simeoni alivyowajibu waliomuuliza baada ya ibada, lakini baba mwenyewe ameomba leo tuseme wazi kwamba binti yake hakuwa ameajiriwa na mtu. Alipanga chumba Utemini, mjini Singida, akaenda hospitalini pale kuomba kujitolea, na mganga mfawidhi, Dkt. Leonidas, akamwangalia kutoka juu hadi chini, shughuli isiyochukua muda, akamwambia, "Mshahara sina, glavu tunamwomba Mungu, kazi ninayo mpaka utaikimbia." Hakuikimbia. Kwenye meza ya upasuaji alisimama juu ya kreti la soda, wauguzi wakawa wanaitana, "Mleteeni daktari ghorofa yake," naye akicheka kuliko wao.

Miaka ile ruhusa ya watu binafsi kufungua zahanati ilikuwa bado inanukia upya, na Bwana Abdulrazaki, mfanyabiashara wa pale Utemini, alifungua ya kwake, ndiko Lea alikopatia hela ya kula jioni baada ya kutibu bure tangu asubuhi. Bwana Abdulrazaki yupo hapa na hatakasirika tukikumbusha alivyomshauri, "Daktari, mgonjwa ukimpa ukweli wote siku ya kwanza harudi," na ni kweli baadhi hawakurudi, walituma jirani zao.

Alichokitaka Lea kilikuwa kimoja, kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi kisha arudi Singida, kwa sababu wodini alikuwa anawapokea akina mama ambao saratani ya shingo ya kizazi imeshawamaliza, waliokaa nayo nyumbani wakisema mbele ya daktari mwanamume hawapandi kitandani hata wafe, na walikuwa wanakufa. Januari 1994 alianzisha kliniki ya kuwapima kila Jumatano. Ni hapo alipokutana na mwalimu Marko Kiula, aliyemleta mama yake mzazi akataka kuingia naye ndani, akaambiwa akae nje kama wanaume wengine, akakaa, na Jumatano iliyofuata akaja tena bila mama. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, na tarehe 2 Oktoba 1995 wakajaliwa binti, Severina.

Mwaka huo huo wa 1995 chuo kilimkubali kusomea ubingwa, kwa sharti kwamba alete ruhusa ya mwajiri. Alikwenda kwenye ofisi moja akaelekezwa nyingine, akiwa na mtoto mgongoni, mpaka afisa mmoja akamfafanulia kwa upole mkubwa, "Dada yangu, wewe huwezi kuruhusiwa kuondoka, kwa sababu hujaajiriwa. Ajiriwa kwanza, halafu uombe kuondoka." Alirudi nyumbani akamsimulia Marko wakacheka mpaka mtoto akaamka, kisha Lea akaingia chumbani, akalia. Wenzake wa darasa moja walikuwa wanaondoka kwenda Botswana na walimwita, naye akawajibu kwamba akiondoka Jumatano itabaki na nani.

Ajira yake ilitoka Julai 1997, ikiwa na maelezo kwamba atumikie miaka miwili ndipo aruhusiwe kwenda masomoni, na alisema aliyengoja minne hawezi kushindwa na miwili. Miwili hiyo hakuipata.

Marehemu alikataza tusome hapa kwamba "aliugua kwa muda mrefu". Aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Dalili alikuwa nazo, akasingizia uzazi, akasingizia uchovu, na sisi wa nyumbani tuliokuwa tunampelekea kila jino na kila kikohozi, hakuna aliyewahi kumuuliza daktari kama yeye mwenyewe ni mzima. Kwa karibu miaka mitatu aliyewapima akina mama pale hospitalini alikuwa yeye tu, na kupanda kitandani mbele ya madaktari wanaume anaokunywa nao chai kila siku aliona haya, haya ile ile aliyowagombezea wanawake wenzake.

Mwishoni mwa 1996 alikuwa amekuja kujitolea daktari mwingine kijana, Hanifa, binti wa Bwana Abdulrazaki, naye ametoka mafunzoni, naye hana ajira, na Lea akamfundisha kazi ya Jumatano mpaka akaridhika naye. Oktoba 1997, wagonjwa walipokwisha, Lea alifunga mlango, akapanda kitandani, akasema, "Haya, mdogo wangu, leo nipime mimi." Hanifa alipima, akanyamaza. Lea akamwambia, "Ukinyamaza mgonjwa anajua. Sema, kama nilivyokufundisha." Hanifa akasema, huku analia, na Lea akamsahihisha mahali pamoja tu, kwamba machozi yangoje mgonjwa atoke.

Alitibiwa kwa mionzi Dar es Salaam tangu Novemba 1997, akapata nafuu, akarudi kliniki akifundisha akiwa ameketi, mwezi Juni ugonjwa ukarudi na nguvu, na Jumamosi tarehe 12 Septemba 1998, saa kumi alasiri, nyumbani Utemini, mkono wake ukiwa katika mkono wa Marko, akatutoka. Ameacha mume, mtoto mmoja ambaye bado anauliza mama anarudi na basi lipi, na wazazi wote wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Dar es Salaam na Singida, Dkt. Leonidas na wafanyakazi wote wa hospitali, walimu wenzake Marko, majirani wa Utemini waliopika na kufua miezi yote hii bila kuitwa, Wakristo kwa Waislamu, Bwana Abdulrazaki kwa gari lililomleta, na wachungaji wetu.

Limebaki tangazo moja, ambalo marehemu alitaka litolewe hapa, kwa kuwa alisema akina mama wengi kiasi hiki hatawapata tena mahali pamoja. Kliniki haijafungwa. Ni Jumatano ijayo, saa mbili asubuhi, yupo Dkt. Hanifa, na kwa sharti alilopewa na dada yake Lea akalikubali, na ameruhusu lisomwe, wa kwanza kupanda kitandani siku hiyo ni Dkt. Hanifa mwenyewe, atapimwa na muuguzi ambaye yeye mwenyewe amemfundisha kazi hiyo, kisha ninyi mtafuata.

Lea, binti wa Misigiri, kazi umeikabidhi, pumzika sasa kwa amani.