Mabati Tisa Niliyowagawia

Bamama wenzangu, muniruhusu nikae, magoti yamechoka. Nitasema wazi.

Mulinipokea hapa nikitoka Nyunzu, vita ilipotufukuza. Miaka mingi nililala kwa watu. Nilipopata nguvu ya kununua, niliipenda ile nyumba ya zamani kando ya reli, yenye mabati ya simenti. Muuzaji alisema bati lile halijui kutu. Mukamwana wangu, muke wa mutoto wangu, akasema tuite kwanza fundi wa mjini, apime kama mna amianti, zile nyuzi za hatari walizochanganya zamani katika simenti. Nikamujibu kwamba nimejua nyumba mbele mama yake hajazaliwa. Nikanunua.

Chumba cha nyuma kilivuja. Nikashusha mabati yaliyopasuka, nikayakata na musumeno kuondoa penye nyufa, nikafagia vumbi kavu siku nzima. Tisa yaliyobaki mazuri nikawagawia ninyi, muanikie ndagala, samaki wetu wadogo. Mulinishukuru. Nikajiona muntu.

Mukamwana hakuniuliza tena, akamuita fundi. Yule papa fundi alilowesha bati, akavunja kadogo kama ukucha, akafunga katika sashe mbili za plastiki, akapeleka kupimisha. Jibu likarudi: amianti imo. Bati zima likiachwa bila kuguswa, shida si kubwa. Lililokatwa au kukwaruzwa, vumbi lake linaingia kifuani halitoki, na ugonjwa unakuja kisha ya miaka mingi.

Ndugu zangu, nawaambia, nilinyamaza. Siku mbili za Mungu, jumapili mbili, nilikaa na ninyi kwenye benchi hii ya kanisa, nikiimba. Niliogopa macho yenu.

Kisha nikamukuta mumoja wenu, mutoto mugongoni, anakwangua ndagala zilizoganda juu ya bati langu, kwa kisu, bila maji.

"Mama, acha," nikasema. "Mwaga maji kwanza."

Akacheka. "Ulitugawia mwenyewe, sasa unatunyang'anya?"

Njo pale nikamwambia yote, mutoto ananiangalia. Hakucheka tena. Hakunitukana. Alienda kuchota ndoo ya maji.

Asante kwenu mulioyarudisha mabati mulipopata habari, yamelowa, yamefungwa katika plastiki. Asante kwa yule papa aliyetuonyesha pa kuyazika. Na kwa mukamwana, ambaye mpaka leo hajaniambia, "Nilikuambia." Chumba cha nyuma nimekifunga. Kifua changu, Mungu anajua.

Anayenunua nyumba ya zamani aite mupimaji mbele ya kulipa. Mimi nilimupata kisha ya kulipa.

Niligawa tisa. Yamerudi nane. Mwenye la tisa, sitaki jina lako. Liloweshe, liache mulangoni kwangu. Nitalibeba mwenyewe.