Barua ya Siku Tatu

Benchi liko kwenye kona, kati ya meza ya fundi viatu na jiko la muuza kahawa. Ijumaa ile, saa tisa alasiri, Dobi alikuja na simu mkononi. Anafua mashuka hospitalini, na Jumatatu mama yake anapasuliwa jicho katika mji mwingine. Alihitaji ruhusa ya siku tatu. Mkuu wake hupokea maombi kwa barua pepe tu, na ofisi hufungwa saa kumi. Mhuri, karani mstaafu aliyekuwa amekaa benchini, alivaa miwani.

— Nisomee ulichoandika.

— "Mkuu, naomba ruhusa."

— Basi? Umeingia kwa mtu bila hodi. Andika, "Kwa heshima na taadhima, rejea somo tajwa hapo juu."

— Hapo juu hakuna kitu, mzee.

— Kitakuwepo. Weka na kumbukumbu namba.

— Namba gani?

— Yoyote. Barua isiyo na namba ni yatima.

Fundi viatu aliweka nyundo chini.

— Mpe sifa. Mwambie tangu aje, mashuka yanatakata. Mkono mtupu haulambwi.

— Mashuka nafua mimi.

— Ndiyo maana hupewi ruhusa.

— Na ombi lenyewe usilitaje, alisema Mhuri. Mkubwa haambiwi la kufanya. Mzungushe mpaka aone wazo ni lake. Funika kombe mwanaharamu apite.

— Mwanaharamu nani hapo? aliuliza muuza kahawa.

— Wewe mimina kahawa.

— Nakala kwa mkuu wa mkuu, aliongeza Fundi. Na mkuu wa huyo pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Saa kumi kasoro robo barua ilikuwa na aya sita. Dada yake Dobi alipita na mfuko wa nguo za safari ya mama. Aliomba simu, akasoma mpaka chini, akarudi juu.

— Kaka, mama yuko wapi humu?

Fundi aliokota nyundo. Muuza kahawa aliinamisha birika. Yalitoka matone mawili.

Dobi alifuta aya zote sita. Akaandika kwa kidole kimoja: "Mkuu, mama yangu anapasuliwa jicho Jumatatu. Naomba siku tatu, kuanzia siku hiyo."

Mhuri alisogea, akasoma.

— Ongeza jina la atakayefua mashuka. Miaka thelathini nilipokea barua za maombi. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Dobi aliongeza jina, akatuma.

— Mbona hukusema mwanzo, mzee?

— Kahawa ilikuwa bado ipo, alisema Mhuri, akatazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kitupu.